Tulipoirudishia rimoti ya Mzee sauti

Anayerusha ndege ya rimoti hatazami skrini. Macho yake yako juu, kwenye ndege, na akiyashusha kidogo tu kusoma volti za betri, akiyainua tena hana hakika kama ndege inakuja au inakwenda. Ndiyo maana mwaka 2020, mzee mmoja wa Tanga aliponiambia kuwa rimoti yake haisemi tena, nilimwomba asirushe mpaka niione.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Keti, hii hapa. Inafanya kazi zote, ila imekuwa bubu."

Ilikuwa Taranis X9D Plus yenye programu ya OpenTX, na ndege yake ilikuwa ya povu, mota nyuma ya bawa, betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli tatu. Macho ya Mzee yalikuwa yameshaanza kuchoka na maandishi madogo, kwa hiyo kwake sauti ndiyo iliyokuwa dashibodi nzima. Tena hakutaka ya Kiingereza. Alikuwa amemwambia mjukuu wake arekodi maneno ya Kiswahili kwenye simu, yakatiwa kwenye kadi, na tangu hapo kimya. Kwa hiyo wote nyumbani walikuwa wanailaumu ile rekodi.

Mimi sikuanza na rekodi. Onyo la sauti linapita njia ndefu: sensa inapima, swichi ya mantiki (sharti lililowekwa ndani ya rimoti) inaamua, kazi maalumu (amri inayofuata sharti hilo) inaita faili, faili inatoka kwenye kadi, kisha spika inalia. Kuikagua njia hiyo ni rahisi zaidi ukianzia mwisho, kwenye spika, ukarudi nyuma. Ukianzia kwenye sensa utabadilisha mambo mengi yaliyokuwa mazima.

Niliiwasha, nikabonyeza vitufe. Hakuna hata mlio. Hilo peke yake lilikuwa limeshasema mengi, kwa sababu milio ya vitufe haitoki kwenye kadi, inatengenezwa na rimoti yenyewe. Ukisikia milio lakini husikii maneno, tafuta kosa kwenye kadi au faili. Ukikosa vyote viwili, tatizo ni kiwango cha sauti, mpangilio, au spika.

Nikashikilia MENU mpaka ukurasa wa mipangilio ya redio ukafunguka. Sehemu ya sauti ilikuwa sawa: hali ilikuwa "All", si "Quiet" wala "Alarm", na kiwango cha sauti kilikuwa zaidi ya nusu. Nikachagua modeli nyingine, yaani mipangilio iliyohifadhiwa ya ndege ya zamani ya Mzee. Rimoti ikalia tiki, tiki. Nikarudi kwenye ile ya povu, kimya. Basi spika ni nzima, na kosa limo ndani ya modeli yenyewe.

Kwenye ukurasa wa kazi maalumu za modeli hiyo, mstari wa kwanza kabisa ulisomeka "ON", kisha "Volume", kisha "S1". Maana yake kiwango cha sauti kilikuwa kimekabidhiwa kinobu cha S1, kile cha juu upande wa kushoto, na kinobu chenyewe kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho wa chini. Modeli ile Mzee alikuwa amenakiliwa na rafiki yake pamoja na kila kitu kilichomo. Nikazungusha kinobu na milio ikapanda. Sikuufuta mstari ule, kwa sababu kupandisha sauti bila kuingia kwenye menyu ni jambo zuri upepo wa bahari ukivuma. Niliuhamishia kwenye kazi za jumla, ili modeli zote zifuate kinobu kimoja na mtu asikisahau.

Milio ikarudi, lakini sauti ya mjukuu bado haikusikika. Sasa zamu ya faili. Kwenye ukurasa wa kadi ya SD unaweza kuingia folda ya SOUNDS, kisha en (ya Kiingereza), ukaweka alama juu ya faili, ukashikilia ENTER na kuchagua "Play". Kipimo hiki kinaruka sensa na swichi zote, kinauliza swali moja tu: rimoti inaweza kuisoma faili hii au haiwezi? Faili za kiwandani zilisema. Ile iliyoitwa betri ilikaa kimya.

Tuliihamishia kwenye kompyuta nikaifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi. Faili ya WAV ya kweli huanza na herufi RIFF, na mbele kidogo utaona WAVE. Hii, karibu na mwanzo, ilikuwa na "ftyp". Simu ilikuwa imerekodi m4a, kisha mtu akabadilisha jina tu mwishoni. Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo ndani, na rimoti haina uwezo wa kufungua m4a. Hapo hapo niliwasha kwenye kompyuta ya Mzee mpangilio wa kuonyesha viishio vya majina, maana Windows ikivificha, faili unayodhani ni betri.wav inaweza kuwa betri.wav.wav.

Tukamwita mjukuu arekodi upya. Nilimweka chumbani penye pazia nene na godoro, simu kiasi cha shibiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, ili pumzi isipige kipaza sauti. "Betri imeshuka, teremsha ndege." Sauti yake nyembamba ilikuwa bora kuliko ya Mzee au yangu: spika ile ni ndogo, haitoi sauti nzito, na kwenye upepo maneno mazito humezwa. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nilifanya chaneli moja, sampuli 32000 kwa sekunde, nikakata kimya cha mwanzoni, nikapunguza sauti nzito za chini ya hezi 200, nikatoa kama WAV ya biti 16. Jina nikaliacha betri. Rimoti hizi zina kikomo cha urefu wa jina, na faili yenye jina refu haionekani kwenye orodha hata kama imo kwenye kadi. Ukikaa ndani ya herufi sita uko salama. Kadi ikatolewa kwenye kompyuta kwa utaratibu, si kwa kuchomoa tu. Nikashikilia ENTER, "Play", na mjukuu akasema.

Mzee alifurahi akataka tuelekee uwanjani. Nilimwomba anionyeshe kwanza onyo linaamshwa na nini, na hapo ndipo palipokuwa na hatari yenyewe. Swichi ya mantiki ilikuwa inasubiri RxBt ishuke chini ya volti 3.5. RxBt ni umeme unaokifikia kipokezi. Kwenye ndege ile kipokezi kilikuwa kinalishwa na saketi ya kidhibiti mota inayotoa volti 5, betri ikiwa imejaa au imekaribia kufa. Onyo lile lisingesema kamwe, hata spika na faili zikiwa nzima kiasi gani. Kwangu mimi hii ni mbaya kuliko rimoti bubu, kwa kuwa mwenye rimoti bubu anajua haisemi, huyu angeendelea kuruka akiamini analindwa.

Mzee alikuwa nayo sensa ya FLVSS, inayopima volti za kila seli, kwenye kisanduku, haijawahi kutumika. Inachomekwa kwenye plagi ya kusawazisha seli za betri, na waya wake mwingine unakwenda kwenye S.Port, tundu la sensa la kipokezi. Nikavua propela kwanza. Sipangi chochote mezani mota ikiwa na propela. Rimoti nikaiweka mbali kidogo na ndege, kwa sababu ukizibananisha, kipokezi kinazidiwa na mawimbi na utasikia telemetria (vipimo vinavyorudi kutoka kwenye ndege) imepotea ilhali hakuna kilichoharibika. Kwenye ukurasa wa telemetria nikachagua kutafuta sensa mpya. Cels, yaani volti za seli zote, ikatokea. Nikaongeza sensa ya kukokotoa, aina ya "Cell", chanzo Cels, nikachagua "Lowest": sasa tunaisoma seli dhaifu kuliko zote. Jumla ya volti za seli zote tatu inaweza kuonekana nzuri huku seli moja inazama.

Swichi L01 nikaiandika hivi: seli ya chini ikiwa pungufu ya 3.5, kwa kuchelewa sekunde 2, yaani hali hiyo idumu muda huo kwanza. Kazi maalumu: L01, "Play Track", betri, kurudia kila sekunde 10. Ukiacha 1x itasema mara moja tu, na mara hiyo moja inaweza kukukuta unazungumza na mtu. Na swichi ya SH, ile inayojirudia yenyewe, nikaipa kazi ya kutaja thamani ya seli, ili Mzee aulize mwenyewe wakati wowote. Kujaribu bila kusubiri betri iishe, nilipandisha 3.5 kuwa 4.2 kwa muda. Mjukuu akasema, na baada ya sekunde 10 akasema tena. Nikairudisha.

Uwanjani, pembeni mwa mashamba ya mkonge, tulianza na jaribio la masafa, yaani la umbali ambao mawimbi yanafika. Kwenye hali hiyo nguvu ya rimoti hupunguzwa hadi sehemu moja kwa 30, kwa hiyo hatua chache zinatosha kushusha mawimbi. Mzee alisogea na rimoti mkononi mpaka ikatoa onyo la mawimbi dhaifu, lililowekwa 45 kwenye kipimo cha nguvu ya mawimbi (RSSI), na alipoendelea ikatoa la hatari, 42. Hayo bado yalikuwa ya Kiingereza, lakini yalisikika.

Angani tatizo likajitokeza upya: kila Mzee alipopandisha ndege kwa mota yote, mjukuu alipiga kelele, kisha mota ikipunguzwa anatulia. Lipo ikivutwa sana volti huzama kwa muda, na kupanda kwenye upepo ule kulichukua zaidi ya sekunde 2. Wengi hapa hushusha kizingiti. Mimi nilikiacha 3.5 nikaongeza kuchelewa hadi sekunde 5, kwa sababu ukishusha kizingiti unapoteza akiba ya kurudi na kuzunguka mara ya pili kama njia ya kutua ina ng'ombe. Ikaruka kimya mpaka onyo la kweli. Mzee akatua papo hapo, na betri ilipopumzika seli ya chini ilisoma 3.72.

Jioni tulibadilisha na zile sauti za mfumo. Zinakaa SOUNDS, en, SYSTEM, na jina lazima libaki lilelile: telemko kwa telemetria kupotea, rssi_org na rssi_red kwa mawimbi, lowbatt kwa betri ya rimoti. Tulinakili kadi nzima kwenye kompyuta kabla ya kugusa moja. Namba hatukuzigusa, kwa kuwa kila namba mpaka 99 ina faili yake na vipimo vina faili za umoja na za wingi, kazi ya wiki nzima. Kizingiti cha betri ya rimoti, yenye seli sita za NiMH (aina ya nikeli), nilikiweka 6.6, yaani volti 1.1 kwa kila seli, na nikamwandikia Mzee kwenye karatasi kwamba siku akiweka lipo ya seli mbili akipandishe hadi 7.0 kabla ya kuiwasha uwanjani.