Taa mpya mtaani kwetu

Juzi nimeamka saa nane usiku nikidhani kumekucha. Kumbe ni taa mpya ya barabarani, imenikodolea dirishani. Wameng'oa zile za zamani za sodiamu, zenye mwanga wa rangi ya chungwa, wakaweka za LED.

Sikatai, zina raha yake. Chini ya zile za zamani ulikuwa huwezi kutofautisha gari jekundu na la kahawia. Sasa mtu akija kwa mbali unaona hadi rangi ya kamba za viatu vyake. Jirani yangu anayerudi kazini usiku anasema ameacha kutembea kafumbata funguo mkononi. Na umeme zinaokula ni kama nusu tu ya ule wa awali.

Ila huo weupe jamani! Mzee wa nyumba ya pili anasema anajiona kama yuko chumba cha upasuaji. Ana hoja. Mwanga mweupe sana una bluu nyingi, na bluu ndiyo inayoudanganya mwili kwamba bado ni mchana. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha Marekani kilishauri taa za barabarani zisizidi kelvini 3000; hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda weupe na bluu navyo huzidi. Zetu nimechungulia kibandiko kwenye boksi lililoachwa chini ya nguzo: 5000.

Nimeomba wafunge kikinga mwanga upande wa dirisha langu, kibati tu. Nimejibiwa ombi limepokelewa. Kwa sasa nimetundika blanketi.