Siku moja sokoni Kongowea na daftari la madeni

Saa 12 asubuhi. Malori ya vitunguu yameshaanza kushushwa Kongowea, soko kubwa la Mombasa. Najifunza utafiti wa watumiaji, yaani kuchunguza watu wanavyotumia kitu, katika timu inayotengeneza programu ya simu ya kuandikia madeni ya wateja. Dada anayenifundisha ana sharti moja: usimuulize mtu angependa nini kabla hujamwona akifanya kazi yake.

Saa 1. Namwamkia mama muuza vitunguu, namweleza tena kuhusu ridhaa: tutarekodi mikono yake tu, na akituchoka tutaondoka. "Kaa hapo kwenye gunia, mwanangu, usinizibie wateja."

Jana alituambia huandika kila deni papo hapo. Leo wateja wamemzonga na haandiki kitu. Anayaweka kichwani mpaka watu wapungue, ndipo anaandika kwa mkupuo: "mama chapati", "kijana wa mkokoteni". Hakudanganya, alisimulia kazi yake anavyoijua mwenyewe. Ndiyo maana mahojiano peke yake hayatoshi.

Saa 4. Nampa simu yenye mfano wa majaribio wa programu yetu. "Mwandikie deni mteja aliyeondoka sasa hivi, na useme kwa sauti unachowaza." Programu inadai namba ya simu kwanza. "Namba ya nini? Huyu namjua." Kidole kinasita juu ya kioo, nami nanyamaza. Hakuna kigumu kama kunyamaza pale, lakini ukimwelekeza mtu umejifichia tatizo ulilokuja kulitafuta.

Saa 7. Tukila wali, dada anasimulia M-Pesa: majaribio ya 2005 yalilenga ulipaji wa mikopo midogo, lakini watu wakaitumia kutumiana pesa. Ilipozinduliwa 2007, kutumiana pesa ndiko kulikotangulizwa. Nawaheshimu sana waliokubali kufuata walichokiona.

Saa 9, ofisini. Tunabandika vikaratasi ukutani, kila kimoja tukio moja, kisha tunavikusanya kwa mafungu. Fungu la "namba ya simu" ndilo linalonenepa. Mwandishi wa programu anapinga: bila namba, ujumbe wa kumkumbusha mdaiwa utatumwaje? Ana hoja nzito, maana ujumbe huo wafanyabiashara wenyewe waliuomba. Tunamwonyesha video ya kile kidole. Anairudia kuitazama.

Saa 11. Tumeafikiana: jina liwe lolote, namba ije mwisho, tena kwa hiari. Kesho dada atawapelekea wauza viazi mfano mpya, na safari hii mahojiano naongoza mimi.