Jumla ilikuwa sawa, mzigo ndo haukuwepo

Kipindi hicho nilikuwa kwenye timu ndogo inayotengeneza mfumo wa stoo, na testi zetu, yaani programu ndogo za kukagua kama mfumo unafanya kazi sawasawa, zilikuwa kijani (zimefaulu) kila asubuhi, ndo maana mteja alipopiga simu kwamba stoo imepokea mzigo mpya ila kwenye skrini inasoma hasi 30, hakuna aliyemuamini haraka.

Dada aliyekuwa mkubwa wetu kazini akafungua programu akanionyesha mstari mmoja tu: hamisha(3, 7, 40). "Mdogo wangu, hapo mzigo unatoka wapi?" Nikamwambia unatoka stoo namba 3 kwenda namba 7, idadi 40, fankshini (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) ndivyo inavyotaka. "Na aliyeandika huu mstari alijuaje?" Hakujua, yeye alianza na stoo inayopokea, na kwa kompyuta, zile tatu zote ni namba tu, ikakubali.

Sasa testi je? Testi yetu ilijumlisha mzigo wa stoo zote kabla na baada, ikahakikisha jumla haijabadilika, lakini ukigeuza mwelekeo jumla inabaki ileile! Niliduwaa kabisa. Testi ilisema kweli tupu, ila swali lake halikugusa palipoharibika. Dada akanikumbusha Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichopotea mwaka 1999 kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa kipimo cha pauni na nyingine ikazipokea kama nyutoni, maana namba ikiwa peke yake haisemi ni ya nini.

Hakukimbilia kuongeza testi. Alianza na fankshini yenyewe, akaweka taipu tatu tofauti, yaani aina za thamani zisizoweza kuchanganywa, StooInayotoa, StooInayopokea na Idadi, kompaila (programu inayokagua na kutafsiri tulichoandika) ikagoma kila mahali fankshini ilipoitwa kwa namba tupu, na kila tulipopita ilibidi tuandike wazi nani anatoa nani anapokea. Kazi ya kuchosha ile, lakini ningeirudia hata leo. Baada ya hapo ndo tukaandika testi yenye stoo zisizolingana, moja ina 100 nyingine 10, ukihamisha 40 lazima zibaki 60 na 50, na stoo ikitaka kushuka chini ya sifuri mfumo ukatae.

Tulipofika sehemu ya kurudisha mzigo ulioharibika tukakuta nayo imegeuzwa, toka siku ilipoandikwa, na hakuna mteja hata mmoja aliyekuwa amelalamika.