Tamari Hakunyamaza Njiani

Wapendwa katika Kristo, neema na amani ziwe nanyi.

Somo letu wiki hii ni 2 Samweli 13, kuanzia mstari wa 1 hadi wa 22. Naomba tusiruke mstari. Sura hii haisikiki mimbarini mara nyingi, na wengi tumekua kanisani bila kuhubiriwa hata mara moja habari za Tamari binti Daudi. Lakini Roho Mtakatifu aliona vema iandikwe, na maneno ya binti huyu yakahifadhiwa humo.

Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa Daudi na ndugu wa Tamari kwa baba, anajifanya mgonjwa kwa shauri la Yonadabu, binamu na rafiki yake. Anamwomba baba amtume dada yake aje kumpikia. Watumishi wanatolewa nje, naye anamshika Tamari na kumtaka alale naye. Tamari anakataa kwa maneno yaliyo wazi: anamwita “ndugu yangu,” anamkumbusha kwamba jambo kama hili halitendeki katika Israeli, anamuuliza yeye ataipeleka wapi aibu yake. Amnoni hamsikilizi, anamzidi nguvu. Akishamaliza anamchukia, anaagiza afukuzwe na mlango ufungwe nyuma yake.

Kisha unakuja mstari wa 19. Tamari anajitia majivu kichwani. Analirarua vazi lake, lile walilovaa binti za mfalme waliokuwa mabikira, vazi ambalo kila mtu mjini alijua maana yake. Anaweka mkono kichwani na kwenda zake akilia kwa sauti. Hakusubiri kikao cha ukoo wala hakuomba ruhusa ya mfalme. Aliyekutana naye njiani alijua kuna jambo limetendeka katika nyumba ya Daudi.

Nawafikiria dada zetu, na kaka zetu pia, wanaoandika mitandaoni yaliyowapata. Maneno “mimi pia” (kwa Kiingereza “Me Too”) aliyaanzisha mwanaharakati wa Marekani, Tarana Burke, mwaka 2006 ili kuwafariji wasichana waliodhulumiwa; Oktoba 2017 yakaenea duniani kote na mamilioni wakasema. Kabla mwaka huo haujaisha, wengine walikuwa wanaeleza yaliyowapata ndani ya makanisa, kutoka kwa wachungaji, viongozi wa vijana, walimu wa watoto. Wapo waumini waliokasirika kwamba aibu ya kanisa imeanikwa mbele ya wasioamini. Mimi nadhani tulipaswa kujiuliza kwanza ni milango mingapi walibisha ndani, hata barabara ikabaki kuwa mahali pekee pa kulilia.

Maana mtu wa kwanza kumjibu Tamari alikuwa ndugu yake Absalomu, naye alimpenda. Akamwambia anyamaze, kwa kuwa Amnoni ni ndugu yake. Asilitie jambo hilo moyoni. Akamkaribisha nyumbani kwake, na Maandiko yanasema Tamari alikaa humo katika hali ya ukiwa. Alipata paa na chakula, lakini hatusomi tena neno lolote kutoka kinywani mwake. Daudi naye aliposikia alikasirika sana. Mstari unaishia hapo. Tafsiri ya kale ya Kigiriki inaongeza kwamba hakumhuzunisha Amnoni kwa sababu alimpenda, alikuwa mzaliwa wake wa kwanza. Miaka miwili baadaye Absalomu akamuua Amnoni kwa hila, na tusidhani hiyo ilikuwa haki ya Tamari. Hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Wapendwa, maneno ya Absalomu bado tunayasema, ila sasa tunayatia lugha ya kiroho. “Mwachie Mungu.” “Samehe ili upone.” “Usimguse mpakwa mafuta.” Tunafungua Mathayo 18 na kumtuma aliyeumizwa akaonane peke yake na aliyemuumiza, ilhali Bwana wetu katika sura hiyohiyo ametangulia kusema juu ya wanaowakosesha wadogo, na juu ya jiwe la kusagia shingoni. Msamaha ni amri ya Bwana na siipunguzi. Ila anayemdai mtu msamaha siku ileile aliyofumbua kinywa, mara nyingi anachotafuta ni kikao kiishe. Tena kusamehe hakufuti kosa la jinai. Polisi na mahakama wana sehemu yao, na Paulo katika Warumi 13 anamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu.

Kisha yako maswali tunayoyaandika chini ya habari zao. Mbona hukupiga kelele? Mbona umekaa miaka yote hiyo? Mithali 18:13 inasema, “Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake.” Wanaowahudumia manusura wanajua kwamba mwili wa mtu aliyeshambuliwa huweza kuganda kabisa, asiweze kusogea wala kutoa sauti, na kwamba kumbukumbu ya tukio huja vipande vipande, bila mpangilio. Wanajua pia kwamba mtendaji mara nyingi ni mtu wa karibu, kama Amnoni. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono. Basi unapoandika komenti ya dharau kwa usiyemjua, fikiri ni nani wa benchi lako anayeisoma, na atamwambia nani ya kwake baada ya hapo.

Kanisani tumezoea ushuhuda wenye mwisho mzuri: nilikuwa chini, Bwana akaniinua, haleluya. Habari nyingi za manusura hazina mwisho huo bado, na tunapata shida kuzisikiliza. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, nayo ni Neno la Mungu. Tusiwaongezee aya ya ushindi ambayo hawajaifikia. Yule mwanamke wa Marko 5 aliyetokwa na damu, mbele ya umati mzima, alimweleza Yesu kweli yote. Yairo alikuwa anasubiri na binti yake alikuwa mahututi, lakini Yesu alisimama akamsikiliza mwanamke huyo, kisha akamwita “Binti.”

Na wewe ambaye hujamwambia mtu, hudaiwi kuandika popote. Kukaa kwako kimya si upungufu wa imani. Habari ni yako. Asiichukue mtu akaisambaza bila idhini yako, hata kwa kisingizio cha maombi. Kama limetokea karibuni, tafadhali nenda hospitali upesi, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Nenda na mtu unayemwamini.

Tuombe.

Baba, wewe uliyemwona Hajiri jangwani, waone wanaoandika usiku huu huku mikono ikitetemeka. Wape wa kuwasikiliza wasiokuwa na haraka. Wazee na wachungaji wetu wape ujasiri wa kumpeleka mtenda uovu mbele ya sheria, hata akiwa mwana wao wa kwanza. Walinde watoto walio mikononi mwetu. Katika jina la Yesu, Amina.