Paka safu ya 12, mimi na pumu yangu safu ya 31

Nimekulia Majengo, Mombasa, mtaa ambao paka hana mwenyewe na hana njaa. Bibi yangu alikuwa nao watatu, na kila nilipolala kwake niliamka macho yamevimba, kifua kinalia filimbi. Bibi akasema ni baridi. Akanisugua mafuta ya karafuu, akanifunika blanketi, na paka akaja kulala juu ya blanketi.

Nilikuwa nishahamia Nairobi, nina miaka 26, ndipo daktari, akinipima aleji, aliponidondoshea matone mkononi, akachoma kila tone kwa kisindano, tukangoja dakika 15. Tone la mbwa, hakuna kitu. Tone la vumbi la nyumba, kipele kidogo. Tone la paka liliumuka kama mahamri.

Mwaka jana mdogo wangu akajifungua Hamburg, na mama akaamua kwamba mimi ndiye nitakayekwenda kumkanda mzazi. Viza ilinitoa jasho, lakini viza ni hadithi ya kila mtu. Yangu ilianza siku niliyolipia tikiti. Kati ya kuongeza mzigo na kuongeza bima kulikuwa na kisanduku cha kuongeza mnyama. Nikabofya kwa udadisi. Paka au mbwa mdogo, yeye na begi lake wasizidi kilo 8, anaruhusiwa kukaa ndani na abiria, chini ya kiti kilicho mbele ya mwenyewe, safari nzima.

Safari yenyewe ya usiku, zaidi ya saa 8 angani. Nyumbani paka akiingia, natoka mimi. Hewani nitatokea wapi?

Nikapiga simu kwa shirika la ndege. Kijana aliyepokea akaniambia, "Usijali mama, ndege zetu zina vichujio vya kisasa." Nikamwambia kama kuna paka, basi awekwe kwenye buti na mizigo. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema mwenye paka naye amelipa, na sheria za kampuni zinamruhusu. Nikakata simu nimekasirika, nikaanza kusoma huku na huku nikitafuta sheria ya kumrudishia. Nikakuta Kanada mamlaka ya usafiri iliwahi kuyaamuru mashirika yamweke mwenye aleji ya paka angalau safu tano mbali na mnyama. Marekani nako, mbwa wa kumwongoza asiyeona hawezi kukataliwa eti kwa sababu abiria mwingine ana aleji. Shirika linatakiwa kuwahudumia wote wawili, kila mmoja akae mbali na mwenzake. Sikuwa nakwenda Kanada wala Marekani, lakini nililiona jambo moja: hata kwenye sheria kali, anayehamishwa ni kiti. Mnyama anabaki ndani.

Nikaenda kwa daktari wangu wa mapafu, Upper Hill. Nilitaka barua tu. Akanishika nusu saa.

"Unaogopa manyoya," akaniambia. "Manyoya hayana kosa."

Kinachonidhuru, alisema, ni protini inayoitwa Fel d 1, iliyo kwenye mate ya paka na kwenye tezi za ngozi yake. Paka anajilamba kutwa. Mate yanakauka, yanapukutika pamoja na ngozi iliyokufa, vipande vidogo mno visivyoonekana, vinaelea hewani kwa saa nyingi na kunata kwenye kitambaa chochote. Ndiyo maana inapatikana hata madarasani na maofisini ambako paka hajawahi kukanyaga. Watu huibeba kwenye nguo.

Kuhusu vichujio, yule kijana wa simu hakunidanganya. Vichujio vya HEPA vya ndege kubwa hunasa zaidi ya asilimia 99.9 ya chembe, hata zile ndogo kabisa, na hewa yote ya ndani hubadilishwa kila dakika 2 au 3. Inamwagika kutoka darini na kuvutwa chini karibu na miguu, haisafiri sana kutoka kichwa cha ndege hadi mkia. "Lakini kichujio kinasafisha kile kinachokifikia," akasema. "Kilicho kwenye kiti chako au kwa jirani yako kinaifikia pua yako kwanza." Hilo la mwisho nililisikia, nikaitikia kwa kichwa, na nikalisahau.

Halafu akaniuliza inhela ya kahawia natumia vipi. Nikaangalia sakafu. Wenye pumu wenzangu mnajua. Ile ya buluu inakupa pumzi papo hapo, kwa hiyo unaipenda. Ya kahawia inafanya kazi polepole, wiki baada ya wiki, huioni faida yake, unaiacha kwenye droo. Akasema bila kupepesa kwamba kama mapafu yangu yamevimba ndani tangu Nairobi, basi sihitaji paka, hata manukato ya jirani yatanilaza. Tulikuwa na wiki tano. Nikaanza asubuhi na jioni bila kuruka, nikisukutua mdomo kila mara. Akaniongezea setirizini, dawa ya aleji, ya usiku, vidonge vichache vya prednisoloni, dawa kali ya kushusha uvimbe wa mapafu, kwenye bahasha na maelezo ya ni lini hasa nivimeze, na ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa ambayo mimi niliidhani ni ya watoto. Dozi sitaziandika hapa, za kwangu ni za kwangu.

Barua aliiandika kwa Kiingereza, nusu ukurasa: jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa, majina ya dawa, kwamba lazima zikae mkononi na si kwenye sanduku, na kwamba nahitaji kiti mbali na mnyama.

Simu ya pili niliipiga asubuhi mapema, nimekunywa chai, sina hasira. Safari hii sikuomba paka afanywe chochote. Niliomba nifanyiwe mimi. Je, kuna mnyama aliyesajiliwa kwenye ndege yangu? Dada aliyepokea akaniweka kidogo, nikasikia vidole vyake kwenye kibodi.

"Yuko mmoja, paka. Safu ya 12."

"Mimi niweke wapi?"

"Nina 31, kando ya njia."

"Niweke hapo. Na uandike kwenye tikiti yangu kwamba nina aleji, na niingie mapema nipanguse kiti."

Akaandika. Akaniomba barua niitume si chini ya saa 48 kabla ya safari. Dakika 9, simu ikaisha. Ile ya kwanza ilichukua 25 na haikuzaa kitu.

Siku ya safari nilifika uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, mapema kupita kiasi, kama kawaida ya watu wa familia yetu. Na mtu wa kwanza mbele yangu kwenye foleni ya ukaguzi alikuwa binti wa miaka kama 25, begi lenye wavu begani, na ndani ya wavu macho mawili ya manjano.

Sikujua kwamba begi la mnyama linapita kwenye mashine kama begi jingine, na mnyama mwenyewe hapiti. Kwa hiyo binti akamtoa. Paka mnene wa rangi ya chungwa, amejaa woga, akamng'ang'ania mwenyewe kifuani kwa kucha za miguu yote minne huku akipita naye kwenye fremu ya ukaguzi, na manyoya yanaruka kwenye mwanga wa taa kama unga kwenye mashine ya kusaga. Nilirudi nyuma hatua kumi. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akachukua nafasi yangu, nami nikamwachia kwa moyo mweupe. Nikavaa barakoa hapo hapo, ile nene inayobana puani, wala si ile ya buluu ya hospitali.

Baadaye, tukingoja kuitwa, yule binti akanifuata. "Anti, samahani, nimeona umenikimbia."

Nikamweleza. Akasogea nyuma mwenyewe, akaweka begi upande wa pili, akatoa tishu akapangusa mikono mpaka kwenye viwiko. Alikuwa muuguzi, amepata kazi Ujerumani, na paka anaitwa Chapati. Akaniambia Chapati amesota kuliko yeye: kuwekwa chipu chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa, kungoja siku 30, kutolewa damu ikapimwe maabara inayotambuliwa na Ulaya, kisha miezi mitatu mizima ya kungoja kwa sababu anatoka Kenya, halafu makaratasi ya daktari wa mifugo wa serikali, Kabete. Mkataba wake wa kazi ulikuwa umesogezwa mbele mara moja kwa ajili ya damu ya paka. Nilipomwambia kwamba mwezi mmoja nyuma nilitaka Chapati aende kwenye buti, alicheka, kisha akanyamaza, akamtazama paka.

Ndani ya ndege niliingia na wenye watoto wachanga. Nikapangusa kila kitu kwa tishu zenye maji: mikono ya kiti, meza, mkanda, na hasa kile kitambaa cha kichwa, kwa sababu hapo ndipo nywele za watu wote huegemea. Nikatandika leso yangu, yaani kanga, kuanzia kichwani hadi kitini. Leso kwa safari sijaona mfano wake. Nyumbani shuka, uwanjani mto, na ikibidi unajifunika uso ukalia. Nikafungua kile kitundu cha hewa cha juu, nikakielekeza usoni. Tukapaa. Chapati safu 19 mbele, mimi nimetulia, nikala wali wao usio na chumvi, nikasinzia.

Saa ya tatu ya safari nikaamka napiga chafya. Moja, tatu, saba. Macho yanawasha, koo linakwaruza, na kile kifilimbi cha Majengo kimeanza kwa mbali. Nikajua paka ametoroka begini. Nilimwita mhudumu, kijana mrefu mpole, akaenda kuangalia, akarudi. Paka amelala, zipu imefungwa, mwenyewe amelala pia.

Nilivuta inhela ya buluu kwa ile chupa yangu, pumzi taratibu kama nilivyofundishwa, nikangoja. Na katika kungoja nikainamisha kichwa, na chini ya ile taa ndogo ya kusomea nikaona mkono wa jirani yangu. Mzee wa Kizungu, sweta jeusi la sufi, mtu mkimya aliyenipa mkate wake tangu mwanzo. Kwenye mkono wa sweta, manyoya. Si moja, si mawili. Na yalikuwa meupe.

Chapati ni wa chungwa.

Kwa sekunde kadhaa sikujua niseme nini. Utamwambiaje mtu mzima kwamba nguo yake inakuua? Nikamuuliza kwa upole kama anafuga paka. Uso wake ukachangamka wote. Wawili! Kwake mtaa wa Karen, Nairobi! Akaanza kutafuta picha kwenye simu. Ilibidi nimkatize huku machozi yananitiririka, na sijui alifikiri nalia kwa sababu gani.

Alipoelewa alitaka kuvua sweta pale pale, akalishika shingoni alivute. Yule mhudumu akamuwahi, maana kulivua kando yangu ni kulikung'uta. Akaniinua mimi kwanza, akanipeleka safu ya 38 kulikokuwa na viti viwili vitupu, ndipo mzee akavua kule chooni, sweta likatiwa kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa fundo. Nilinawa uso na mikono, nikabadilisha barakoa, na leso nikaigeuza upande. Baada ya nusu saa filimbi ikanyamaza. Bahasha ya prednisoloni sikuifungua. Kabla ya kutua mzee alipita, akasimama mbali kabisa, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, akaniombea radhi kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wengi Nairobi.

Hamburg nilikaa miezi miwili. Mtoto ana mashavu kama ya bibi.

Kabla ya kurudi nilipiga simu tena. Inhela ya kahawia sikuwa nimeiacha hata siku moja. Nikauliza kama kuna mnyama. Yuko, akasema mama wa upande wa pili, mbwa mmoja mdogo, safu ya 20, akaniuliza kama anisogeze nyuma kabisa. Nikamwambia mbwa hana neno. Ila kama kuna safu yenye kiti kitupu katikati, anipe mtu yeyote wa kando lakini tusigusane mabega, hiyo ndiyo naitaka.

"Una aleji ya watu?" akaniuliza.

"Ya masweta yao," nikasema, na akanipa 34, dirishani.