Nilivyofika kwenye meza ya kupandikiza figo bila kupanda ndege

Mwezi Novemba 2017, nilipokuwa mwaka wa tatu wa udaktari, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa Tanzania, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao kutoka India, nami nikaamua, nikiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, kwamba kazi hiyo ndiyo yangu. Uamuzi wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko foleni. Kilichochukua miaka ni kumpata mtu wa kunionyesha mlango, kwa sababu kila niliyemuuliza alinijibu kwa kujiamini, na wengi wa waliojiamini walikuwa hawajawahi hata kuiona figo ikishonwa. Sasa wanafunzi wananiuliza mimi, na kila ninapowajibu nawakumbuka washauri wangu kwa hasira kidogo.

Ushauri ulionigharimu zaidi ulitoka kwa kaka mmoja aliyenitangulia chuoni. Aliniambia kwamba upandikizaji haufundishwi kwetu, kwamba lazima nitoke nje kwanza, na kwamba njia ni kuwaandikia maprofesa wa Ulaya na Marekani mpaka mmoja aniitikie. Nilipokuwa daktari tarajali niliandika barua pepe 41. Wengi hawakujibu, watatu walinitakia kila la heri, na idara moja ikakubali niende kwa mwezi mmoja kama mtazamaji, mradi nilipe ada. Nililipa. Nikalipa na viza, na bima, na picha za pasipoti ambazo nililazimika kuzipiga mara tatu kwa sababu masikio hayakuonekana vizuri, na vyote kwa pamoja vikala karibu posho yangu ya miezi miwili. Viza ikakataliwa kwa maelezo kwamba hawakuridhika kuwa ningerudi nyumbani, mimi ambaye nikikaa Dar es Salaam wiki tatu bila kurudi Unguja kunywa urojo naanza kujihisi mgonjwa.

Baadaye ndipo nilipoelewa mambo ambayo yule kaka hakuyataja, na sidhani kama aliyajua. Mtazamaji haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Husimama nyuma ya migongo ya watu mwezi mzima na kurudi na cheti. Na anayetaka kusomea fani hii Marekani kwenyewe, kwa njia iliyozoeleka, hufanya kwanza mitihani ya leseni, kisha miaka 5 ya upasuaji wa jumla, kisha miaka 2 ya upandikizaji. Vitabu vya mitihani hiyo nilikuwa nimekwisha kuvinunua, na nikaviuza kwa bei ambayo mama yangu haijui mpaka leo. Sisemi kwamba kutoka nje ni kosa. Mwenzangu mmoja alikwenda India kwa miezi kadhaa baada ya kuwa bingwa, na kule walimpa nafasi ya kusaidia kwenye meza kwa sababu mikono yake ilikuwa tayari. Kosa ni kwenda kabla ya kuwa na mikono.

Kwetu hakuna mlango ulioandikwa upandikizaji. Unamaliza miaka 5 ya udaktari na mmoja wa utarajali, kisha unaingia ama kwenye upasuaji wa jumla ama kwenye upasuaji wa mfumo wa mkojo, iwe ni shahada ya uzamili chuoni au mafunzo ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha, ambako unafanya miaka 2 ya msingi na 3 ya fani. Nilichagua mfumo wa mkojo kwa sababu kwa sasa kazi yetu ni figo. Mwenye ndoto ya ini aende upasuaji wa jumla, na ajiandae kwa safari ndefu kuliko yangu. Wanaobishana ni njia ipi halali nawakumbusha kwamba Joseph Murray, aliyefanikisha upandikizaji wa kwanza wa figo kati ya mapacha wanaofanana mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, alikuwa mtaalamu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na Nobel aliipata vilevile, mwaka 1990.

Nije kwenye mikono, kwa sababu hapa ndipo ninapojisifu. Shangazi yangu wa Unguja hushona kofia za viua, zile ambazo kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono na kofia moja huweza kula miezi. Nilimweleza kwamba Mfaransa Alexis Carrel, aliyepewa Nobel mwaka 1912 kwa kazi iliyohusu pia ushonaji wa mishipa ya damu, husimuliwa kuwa alijifunza sindano kwa mtarizi wa mji wa Lyon. Shangazi akasema, "Basi huyo Mfaransa alikuwa na adabu, alikwenda kwa mwenye fani yake," akanipa kitambaa na sindano. Likizo yote nilishona viua, na vingi alivifumua mbele yangu. Alichonifundisha ni kutouvuta uzi kwa hasira, kwa sababu kitundu hukunjamana, na mshipa wa damu nao hukunjamana vivyo hivyo.

Niliporudi Dar es Salaam nilitaka mishipa halisi. Figo za mbuzi za buchani hazifai, kwa sababu mkataji huondoa mishipa yote na kuacha figo tupu kama jiwe la mtoni. Nilikwenda Vingunguti alfajiri, nikamwomba mchinjaji anitolee figo mbili zikiwa bado zimeshikamana na ile mishipa mikubwa inayopita mgongoni. Akanitazama, akauliza, "Dada, hii ni dawa ya nini?" Nilipomjibu kwamba ni ya shule alicheka, akawaita wenzake waje wanione, kisha akapandisha bei. Ilikuwa bado ni pesa ya nauli na chakula cha siku. Nyuzi sikununua: sista mmoja wa chumba cha upasuaji alinihifadhia zile zilizopitwa na muda wake, na ninyi mnaosoma haya, muwe na heshima kwa masista wa chumba cha upasuaji, maana wanavyo vitu ambavyo profesa wenu hana.

Onyesho langu la kwanza niliwaalikia wanafunzi watano wa chini yangu. Nilishona mshipa kwa mwendo wa kuvutia, nikieleza kila hatua kwa sauti ya kihadhiri, kisha nikachukua bomba la sindano lililojaa maji yenye rangi nyekundu ya chakula ili waone kazi isiyovuja. Kwa kweli haikuvuja hata tone, na mwanafunzi mmoja akaanza kupiga makofi. Tatizo ni kwamba maji hayakupita pia. Nilisukuma kwa nguvu zaidi, bomba likachomoka, na rangi ikaturukia sote pamoja na ukuta. Nilikuwa nimeushona ukuta wa mbele wa mshipa pamoja na wa nyuma na kuuziba kabisa, na kama angekuwa binadamu figo ile ingekufa mikononi mwangu. Jioni ile nilisoma upya mbinu ya Carrel ya kutia nyuzi tatu za kushikilia, ili duara liwe pembetatu na kuta zisikutane, na nikajifunza pia ile inayotumika zaidi kwenye figo, ya kufunga kwanza pembe mbili za tundu kabla ya kushona pande zake.

Figo ya pili niliiweka kwenye friji ya hosteli. Mwenzangu wa chumba, ambaye hakuwa na habari, aliikaanga kwa vitunguu na nyanya, akanikaribisha kwa upendo, na tukala mpaka alipotoa mdomoni uzi wa buluu. Tangu siku ile nikawa naandika jina kwenye kila mfuko.

Baada ya miezi kadhaa nilikuwa hodari, nikiwa mezani. Siku ya kwanza niliporuhusiwa kushika vyombo ndani ya mwili wa mtu, ubingwa wote uliyeyuka. Figo mpya haiwekwi mahali pa zile za asili. Huwekwa chini ya tumbo kwa upande, mara nyingi kulia, na kuunganishwa na mishipa inayoelekea mguuni, na hapo ni shimoni. Vifundo vya mikono vilikuwa vinagonga kingo za jeraha, sindano sikuiona ncha, na uzi, ambao unene wake unakaribiana na wa unywele, ukajisokota kila upande. Profesa alinipokonya kishikio cha sindano bila neno. Nilirudi chumbani nikachukua sufuria refu la kupikia ubwabwa, nikabandika mishipa ya mbuzi chini kabisa, na kuanzia siku ile sikushona tena juu ya meza. Hii ndiyo hila ninayojivunia kuliko zote, na sijaiona imeandikwa popote: fanya mazoezi ndani ya sufuria. Ulowanishe uzi kwanza, usijisokote.

Hata hivyo sufuria halikunipa nafasi kwenye timu. Nafasi niliipata kwenye kitengo cha kusafisha damu, mahali ambapo wenzangu walipakwepa kwa sababu hapana kisu. Wagonjwa wengi huja mara tatu kwa wiki na kukaa kwenye mashine kwa muda wa takriban saa nne kila mara, na wengi huhitaji mshipa ulioandaliwa mkononi kwa kuunganisha ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, ule unaoirudisha, upasuaji uliobuniwa New York na kutangazwa mwaka 1966. Sisi huuita fistula, na nikiwaambia ndugu zangu kwamba leo nimetengeneza fistula hushtuka, kwa kuwa kwao fistula ni ile ya wanawake wa uzazi, nao huuliza kwa nini hospitali inatengeneza ugonjwa. Upasuaji huu hufanyika kwa ganzi ya sehemu tu, mgonjwa akizungumza nawe, na mshono wake ni ndugu wa karibu wa ule wa figo. Mabingwa huuona mdogo na huchoka nao. Niliomba niwe msaidizi kila wiki, na baada ya mwaka nilikuwa nimeshona mishipa hai mingi kuliko wenzangu wote waliokuwa wakisubiri siku ya upandikizaji, ambayo huja kwa nadra. Aliyeniambia kwamba kitengo kile kingenipotezea muda namsalimu hapa.

Kule pia niliwajua wagonjwa na ndugu zao kabla hawajafika mezani. Kwetu mchangiaji ni mtu hai wa familia, na mahojiano yake hufanywa peke yake, mbali na ukoo, kwa sababu kaka mdogo anayesema ndiyo mbele ya wazee anaweza kusema jambo jingine mlango ukifungwa. Akikataa, analindwa, familia huambiwa tu kwamba hafai. Nilidhani nimeingia kwenye fani ya kushona, lakini muda mwingi zaidi nimeutumia kusikiliza, kusoma majibu ya ulinganifu wa damu na tishu, na kufuatilia viwango vya dawa ambazo mpokeaji atazimeza kila siku maadamu figo ile ingali inafanya kazi. Mwanafunzi asiyependa kliniki aiache fani hii mapema.

Mara ya kwanza jina langu lilipoandikwa kwenye orodha ya timu, kazi yangu ilikuwa kupima mkojo. Usiku wa kwanza baada ya upandikizaji kila tone hupimwa kila saa, na maji ya kwenye dripu hurekebishwa kufuatana nalo, hivyo nilikaa kando ya kitanda mpaka asubuhi nikiwa na daftari. Wenzangu walinipa jina ambalo sitaliandika hapa. Lakini saa tisa usiku mkojo ulipopungua ghafla ni mimi niliyegundua kwamba mpira wa kutolea mkojo umejikunja chini ya paja la mgonjwa, nikaunyoosha, na asubuhi profesa akausoma ukurasa ule wa daftari mara mbili. Upandikizaji uliofuata alinitaka niwe upande wake wa mezani.

Wiki tatu zilizopita, nikiwa mwaka wa mwisho wa masomo ya ubingwa, profesa alinikabidhi vena niishone. Figo ilikuwa ya kushoto, ambayo wengi huipenda kwa kuwa vena yake ni ndefu, imeviringishwa kwenye kitambaa chenye barafu, na muuguzi alikuwa akitaja dakika kwa sauti. Nilitumia 24; yeye hutumia nusu yake, na alinikumbusha mara mbili. Kisha akashona ateri, tukafungua vibanio, kwanza cha vena halafu cha ateri, na figo iliyokuwa na rangi ya majivu ikawa ya waridi na kujaa mbele ya macho yetu. Mshono wangu ulitoa tone moja, nikaubana kwa kitambaa, ukanyamaza. Dakika chache baadaye mkojo ukaruka kutoka kwenye ureta, mrija unaotoa mkojo kwenye figo, ukamlowanisha profesa mkononi, naye akasema, "Haya, upime."

Jioni nilimpigia shangazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza fundo nimeliacha wapi, ndani au nje. Nikamjibu kwamba nje, kwa sababu likikaa ndani damu hugandia hapo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwa kofia ningelifumua.