Leo Yana Ruhusa

Tangu asubuhi ya Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamil, kuna maneno machache yamenikaa kichwani na hayataki kutoka. Nayasikia nikiosha vyombo, nayasikia nikimhesabia Mama vidonge vyake. Mama ametolewa nyuzi za upasuaji na daktari ameridhika na moyo wake, na kule Mbeya shule imefunguliwa bila mimi, lakini hayo nitayaandika siku nyingine. Leo ni habari ya maziwa.

Amma mnamjua, huyu bibi mwenye nyumba wetu hapa Chennai, India, anayetuletea mchuzi wa dengu bila kuombwa. Siku moja kabla, asubuhi ya Bhogi, mji mzima ulikuwa moshi: watu huchoma mikeka mibovu na makorokoro ya mwaka ili sikukuu ikute nyumba safi. Nilishinda nimefunga madirisha kwa ajili ya kifua cha Mama. Jioni Amma akagonga mlango, akasema kesho alfajiri tupande juu ya paa sote, na Mama atawekewa kiti.

Tulipofika, jua lilikuwa bado nyuma ya matangi ya maji ya majirani. Mkwewe Amma alishapamba sakafu kwa unga wa mchele, mistari inayozunguka vitone bila kukatika mahali, na karibu yake matofali matatu, kuni, na chungu kipya cha udongo. Shingoni mwa chungu wamefunga mmanjano mzima, majani na mizizi yake, udongo wa shambani ukiwa bado umeshika kwenye tunguu. Miwa mirefu imeegemezwa ukutani. Mama aliyatazama yale mafiga kwa muda, akaniambia, "Kumbe wanapika kama sisi."

Maziwa yakaanza kupanda. Nanyi mnajua Mama alivyo na maziwa. Nyumbani kwetu aliyeyaacha yakamwagika alikuwa anasemwa mpaka jioni. Akainuka kwenye kiti, mkono umeshanyooshwa: "Jamani, yanamwagika hayo! Vuteni kuni!"

Amma akamshika mkono taratibu, akasema kitu kwa Kitamil. Mkwewe akanipa kwa Kiingereza, nami nikampa Mama: "Anasema uache. Leo yana ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

Swali likarudi kwa njia ile ile mpaka kwa Amma. Amma akainua kidevu kuelekea mashariki, ambako mwanga ulikuwa umeanza kupita kati ya matangi. "Ya yule."

Hapo hapo povu likavuka ukingo, likateremka juu ya majani ya mmanjano, likazima kuni mbili. Watu wakapaza sauti, "Pongalo Pongal!", na paa la pili nao wakaitikia na lao. Mama akapiga vigelegele. Mama huyu, aliyekatazwa kuinua hata ndoo! Niliogopa kidogo kwa ajili ya kidonda chake, lakini sikuwa nimesikia vigelegele vyake tangu alipoanza kuvimba miguu, na sikuthubutu kumnyamazisha.

Ndiyo maana "leo yana ruhusa" hainitoki. Kwa muda mrefu sasa kila kinachoingia kinywani mwa Mama kinapimwa. Maji yana kikombe chake chenye alama, chumvi naificha kabatini. Halafu mtu anamwambia acha maziwa yamwagike, na yakimwagika ndiyo heri ya mwaka.

Wanafunzi wangu wa jiografia wakisoma hapa, sikilizeni. Pongal ni siku ya kwanza ya mwezi wa Thai katika kalenda ya Kitamil, siku ambayo kwa hesabu ya Wahindu jua huingia nyota ya Makara na kushika safari ya kaskazini. Kwa kuwa inafuata jua, huangukia tarehe 14 au 15 Januari. Deepavali, sikukuu ya taa, inafuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo huhamahama. Siku hiyo hiyo Gujarat wanarusha tiara toka asubuhi mpaka usiku na kuiita Uttarayan. Tunafundisha kwamba jua hugeuka tarehe 21 au 22 Desemba, na ni kweli. Hesabu yao inafuata nyota, nayo imekuwa ikisogea takriban siku moja kila miaka 70, mpaka sikukuu ikaachana na geuko lenyewe. Hapa Chennai mvua kubwa ni za Oktoba mpaka Desemba, kwa hiyo Pongal inakuta mvua zimekwisha na mpunga wa msimu uitwao samba unavunwa. Kwetu Kyela mambo ni kinyume: jua likielekea kaskazini hutupitia utosini Februari, kisha linatuacha na baridi ya Juni. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna watu wanaolipokea kule tunakoliaga.

Baada ya kumwagika ndipo waliweka mchele na choroko zilizoparazwa, kisha sukari guru, mwisho korosho na zabibu zilizokaangwa kwa samli na iliki. Amma alimpa Mama naye konzi moja ya mchele atie. Mama hakutia kwanza. Alichukua punje, akaing'ata kwa jino la mbele, akatikisa kichwa. "Huu mpya. Ghala haujaliona." Ulikuwa umetoka Thanjavur kwa ndugu zao wiki ile ile. Shamba la Mama msimu huu analima jirani.

Picha niliituma kwenye kundi la familia. Ndani ya nusu saa Shangazi akajibu, kwa sauti, na Mama alikuwa pembeni yangu: "Tulichanga mkatibiwe, hatukuchanga mkaabudu jua."

Iliniuma, na bado inauma. Shangazi aliuza ng'ombe kwa ajili ya safari hii. Siwezi kumjibu kama ninavyomjibu mtu wa barabarani. Na hoja yake si ya kupuuza. Amma anaabudu, hajifichi: aliweka chakula juu ya jani la mgomba, akaelekeza viganja kwenye jua, akalisalimu kama Mungu wake. Mama ni wa kwaya ya kina mama Moraviani tangu mimi sijazaliwa. Hakuinama. Alikaa kwenye kiti chake, akafumba macho, akasali sala yake ya chakula kwa Kinyakyusa, ndefu kuliko kawaida. Hayo kwenye picha hayaonekani.

Nilimuuliza Mama nijibu nini. Alikuwa anameza dawa za usiku. Akasema, "Mwambie mchele ulikuwa mpya."

Sijatuma. Nimeandika mara kadhaa nikafuta, kwa sababu Shangazi naye ni mkulima na nadhani angeelewa, ila si kwa simu.

Kingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi sasa hivi: matokeo ya kidato cha nne yanaweza kutoka wakati wowote, na mdogo wangu tangu juzi hapatikani. Shangazi anasema hajamwona. Aliyeko Kyela mjini akimkuta pale stendi wanapokaa na wenzake, amwambie awashe simu, hata kama hataki kuongea nami.